Bi Mwatum Kizimbani

Mwaka juzi mchumba wa kwanza wa Saumu alipotoweka, maneno yakazagaa mtaa wote wa Mabawa kwamba Mwatum ndiye aliyemfukuza. Bi Mize, mama wa Saumu, akaapa barabarani, watu wanamsikia: hatakanyaga tena nyumbani kwa Mwatum! Sasa Saumu kapata mchumba mwingine, harusi Ijumaa, na bibi harusi kagoma. Hafundwi na mtu ila somo yake, kungwi wake. Na somo yake ni nani? Mwatum huyo huyo!

Kutuma mtu, Bi Mize aliona haya. Basi mahakama ya zamani ilipokarabatiwa na kufunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, akajitanda buibui mbio mbio. Penye watu wengi Mwatum hakosi.

Lo! Tanga nzima imehamia mle. Watu wa Nguvumali, Wabondei wa mashamba, Wapemba na vikapu vyao, wanasukumana kutazama ngoma kuukuu na picha za wazee waliokunja nyuso. Palipofurika zaidi ni penye kizimba cha mashahidi, kimeachwa palepale, kinang'aa vanishi mpya.

"Jamani, msipande!" alilia Laurenti, mlinzi.

Nani amsikilize? Wanawake walikuwa wakipanda kwa zamu, wanahojiwa, vicheko mpaka nje. Na aliyekuwa juu saa ile ni Mwatum.

Bi Mize akapenya kwa viwiko.

"Shahidi! Nani alimfukuza mchumba wa mwanangu?"

Hata Laurenti alitega sikio.

"Mimi," akajibu Mwatum, macho makavu. "Bwana ana wake wawili Pemba, anajiita kapera!"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia, shoga? Posa haijajibiwa, wewe ushagawa kanga za sare!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Mize akahisi uso unamwaka, maana ni kweli tupu. Alitaka kuomba radhi, ulimi ukakataa.

"Hukumu! Hukumu!" watu wakapiga kelele.

"Mahakama inaamuru," akasema Bi Mize, "Mwatum aje kwangu leo hii amfunde Saumu, wala asitoke mpaka harusi iishe."

"Kuna wali wa nazi?"

"Upo."

"Na kuku?"

"Mwatum, shuka bwana!"

Vigelegele vikapasua paa. Mwatum akashuka, akamkumbatia mwenzake mpaka buibui likamdondoka.

"Na huyu bwana harusi wa sasa," akamnong'oneza, "nimeshamchunguza. Huyu mpe."