Wakesho Mwakio Wanne

"Ulizichoma? Kadi zote?" Munir alipiga meza.

"Si wewe ulisema, Daktari! Ulisema kompyuta ikishamaliza, karatasi ni takataka!" nilimjibu.

"Nilisema ikishamaliza sawasawa! Usinitie mimi humo!"

"Jamani, teremsheni sauti," Sista Nasima alisema. "Wagonjwa wako hapo nje, wanasikia."

"Na wasikie!" Munir alisema.

Nilimaliza Fomu Foo mwaka jana. Kwa sababu nilisoma kompyuta miezi mitatu Mombasa, Munir alinipa kazi ya kuingiza kadi za wagonjwa wa kliniki yake hapa Voi. Programu nilitengeneza mwenyewe. Ilitaka kitu kimoja cha kumtambua kila mgonjwa, kitu mwingine hana. Ningewapa namba. Lakini nani hukumbuka namba? Nikaweka jina lake na la ukoo.

Ona ujinga. Mimi ni mtu wa Mbololo! Kwetu nyanya akiitwa Wakesho, kila mtoto wake wa kiume atampa binti yake mmoja hilo jina. Tuko na Wakesho Mwakio wanne boma moja. Nikiingiza wa pili, kompyuta inauliza: huyu yuko tayari, niandike juu yake? Nabonyeza ndiyo. Nilidhani ni mtu yule yule, kadi ya zamani na mpya. Wiki tatu nabonyeza ndiyo tu, redio ikiimba.

Kadi ya dadangu Wakesho ilikuwa na kalamu nyekundu: asidungwe penisilini. Jana Nasima alimtafuta kwa kompyuta. Ikamletea Wakesho mwingine, yule hana shida na dawa yoyote. Akamdunga. Saa hii dada yuko hospitali kubwa, uso umefura, haongei.

"Wako wangapi kama yeye?" Munir aliuliza, sauti imeshuka. "Hudson, mwanangu, umefuta wangapi?"

"Kadi zilikuwa elfu mbili. Ndani ziko elfu moja na mia tatu."

"Basi niambie majina ya hao mia saba."

"Majina yote yapo, Daktari. Watu ndio hawako."

Nasima alikaa kwa kiti cha wagonjwa. "Na hawa wa leo, mie nitamdunga nani?"

Munir alinivutia kiti mbele ya kompyuta.

"Keti," Munir akaniambia. "Anza upya. Wape namba."

"Nianze na karatasi gani?" nilimuuliza nikiketi.

Munir alifungua droo tupu, akaifunga. Nasima alikuwa analia bila sauti. Nikaamka, nikapita katikati yao, nikatoka, nikafunga mlango.