Bibi Ikupa Ametoka Kidogo

Usiku wa jana niliota nimepiga magoti sebuleni kwetu Mbeya, naongea na koti.

Ni koti la Bibi Ikupa, mama yake mama. Limevalishwa kwenye mgongo wa kiti chake cha ofisini, kile walichompa mahakamani siku wanamuaga alipostaafu. Watu wa maofisini wanaijua kazi ya koti kitini. Mwenyewe anaweza kuwa sokoni, anaweza kuwa saluni, anaweza kuwa msibani mkoa mwingine, lakini koti likiwepo, na yeye yupo.

"Shikamoo koti," nasema.

"Marahaba. Unamtaka nani?"

"Bibi."

"Yupo. Ametoka kidogo."

"Koti, huu ni mwaka wa pili."

"Ndiyo hicho kidogo chenyewe," linasema, linajipangusa vumbi begani. "Usinifundishe kazi."

Silibishii. Hata nikiwa macho mimi si mtu wa kubisha.

Bibi alikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka thelathini na nne. Alipostaafu, mama alidhani atafuga kuku. Bibi akanunua kompyuta ya kubeba na hedifoni kubwa kama mabakuli, akapata kazi ya mtandaoni. Anatumiwa vikao vya watu vilivyorekodiwa, anasikiliza, anavipiga chapa neno kwa neno, anavirudisha. Walimwambia ni kazi ya kufanyia popote. Basi akaenda popote. Uturuki, Jojia, Vietnam, Ureno. Amekaa mwisho wa dunia huko, anasikiliza wakulima wa parachichi wakigombania mizani.

Kila Jumapili anapiga simu. Mama akinipa niongee, naishiwa maneno. Nasema shikamoo, nasema salama, narudisha simu. Nikishairudisha ndiyo yanakuja yote, yamejipanga foleni.

"Nataka kumwambia arudi," naliambia koti.

"Hilo siwezi kukufikishia. Mimi kazi yangu ni kukaa. Pita ukamwambie mwenyewe."

Linanyoosha mkono mmoja. Naingiza vidole humo, halafu bega, halafu kichwa. Ndani kunanuka kabati na peremende za mnanaa. Natambaa muda mrefu, natokea upande wa pili kwenye ngazi za mawe. Ni Ureno. Najua ni Ureno kwa sababu ukutani wameandika "Ureno" kwa mwandiko wa mama.

Juu ya ngazi kuna mlango, na mlangoni limekaa sanduku la bibi, lile jekundu la magurudumu. Limevaa kofia ya mlinzi.

"Simama hapo hapo. Umetoka wapi?"

"Mbeya."

"Una hodi ngapi?"

"Tatu, kama kila mtu."

"Zitumie vizuri basi. Ya tatu ikiisha hujaitikiwa, unageuka unaenda kwenu. Huzungukii uani, huchungulii. Tunafuata ustaarabu hata huku."

Nakohoa kidogo. Nasema, "Hodi."

Inatoka mdomoni ndogo kama kifungo cha shati. Inadondoka mbele ya kiatu changu, inabiringika, inagonga gurudumu la sanduku. Sanduku linaiokota, linaigeuzageuza kwenye mwanga, linaitia kwenye mfuko wake wa zipu.

"Haijafika," linasema. "Moja hiyo."

Nasogea hatua moja ili ya pili ifike. Mlango haupo tena Ureno. Ni wa mianzi, nyuma yake kuna mto, na mwanamke anapita na baiskeli iliyobeba bata wasiopungua arobaini, wote wanaangalia mbele. Nasogea tena. Mlango umekuwa wa chuma, na miguu yangu iko kwenye theluji hadi magotini. Haina baridi. Ina ladha ya chumvi, hata kwa miguu naisikia.

"Nani huyo anatembeatembea?"

Anatokea mtu wa karatasi nne zilizobanwa kwa pini, amevaa miwani, ameshika futikamba. Ni Mkataba wa kazi wa bibi. Anahema.

"Kifungu cha kwanza," anasoma tumboni mwake. "Mfanyakazi atafanya kazi akiwa mbali. Sasa wewe ukisogea hatua moja, mimi inabidi nimsogeze nchi moja. Nihurumie, mwanangu, kiuno kinaniuma."

"Mbali ni wapi?"

"Ni popote ambapo halijasemwa lile neno."

"Neno gani?"

"Lile la kuitikia hodi." Anashika pini yake kwa wasiwasi. "Mimi siwezi hata kulitamka. Lina maana mbili, na zote mbili zinanichana."

Nasimama nilipo. Naita ya pili, kwa ile sauti ya kujibu swali darasani.

"Hodi! Samahani, kama una kazi basi, nitakuja siku nyingine."

Sanduku na Mkataba wanatazamana.

"Kaifuta mwenyewe," linasema sanduku.

"Nimemsikia. Andika mbili."

"Jamani, hiyo ilikuwa adabu tu!"

"Adabu uliimaliza kwenye hodi," anasema Mkataba. "Kile cha nyuma yake kilikuwa woga."

Hapo dirisha linafunguka, na bibi yangu yumo ndani.

Miguu yake iko kwenye beseni la maji ya moto. Amenenepa kidogo, amesuka twende kilioni kama msichana. Vidole vinapiga chapa bila yeye kuviangalia. Ukuta wa mbele yake ni dirisha lingine kubwa, na nje ya dirisha hilo kunapita bandari, kunapita soko la mazulia, kunapita mlima wenye kofia nyeupe. Ananiona. Anasogeza hedifoni upande mmoja, nyuma ya sikio.

"We mke mwenzangu! Kurefuka huko kakuruhusu nani?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama yako vipi, bado anachoma vitumbua?"

"Anaviunguza."

"Nilimwambia apunguze moto. Ana kichwa kigumu, sijui kamrithi nani."

Vidole havijasimama. Namwona kwenye kioo cha kompyuta anaandika: *Mkulima wa pili: anakohoa.* Hata kikohozi hakiachi. Kila kinachoingia sikioni kinashuka kwenye ukurasa, ila cha kwake hakimo hata kimoja. Mpiga chapa hana neno kwenye karatasi. Alinifundisha hivyo nikiwa darasa la pili, nimekaa mapajani kwake nagusa herufi.

"Bibi, mbona husemi niingie?"

"Nikilisema, narudi."

"Kwani hutaki?"

Mlima unaondoka dirishani, linakuja ziwa.

"Miaka thelathini na nne, Subi, nimekaa chumba hakina dirisha. Napiga maneno ya watu. Nani kampiga nani, nani kahamisha mpaka wa nani. Sasa maneno bado ni ya watu, lakini dirisha ni langu. Unanielewa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe hujawahi kuniambia unachotaka. Kila Jumapili salama, salama. Mtu akiniambia salama, mimi naandika salama."

Bibi anarudisha hedifoni sikioni. Dirisha linaanza kujifunga taratibu, Mkataba anakunjua futikamba, na sanduku limeshafungua zipu kabisa linangoja hodi ya tatu iingie humo pamoja na wenzake.

Nawaza Jumapili zote. Nawaza simu ilivyokuwa bado ya moto mkononi nilipokuwa nairudisha kwa mama.

"HODI!"

Sijui imetoka wapi. Haidondoki. Inapita juu ya kofia ya sanduku, theluji inaporomoka kwenye matawi, mazulia yote sokoni yanajikunja, mbwa wa nchi nne wanabweka kwa pamoja. Mkataba anashikilia pini yake kwa mikono miwili. Vidole vya bibi, ambavyo tangu nizaliwe sijawahi kuviona vimetulia juu ya herufi, vinatulia. Anavua hedifoni zote, anaziweka mezani. Ananiangalia. Anafungua mdomo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Blanketi liko chini, koo linawasha kama la mtu aliyeshinda uwanjani anashangilia mpira. Jikoni mama alikuwa anachuja chai.

"Subi! Hebu njoo unisomee, sina miwani. Bibi yako katuma picha ya kazi yake. Anasema kuna sauti imeingia katikati ya kikao, karudisha nyuma mara nne haisikiki tena. Anauliza humu ndani nani alikuwa macho."

Nikaichukua simu. Ilikuwa picha ya kioo cha kompyuta, mistari ya bibi imenyooka kama siku zote.

*Mwenyekiti: Sasa tuje kwenye mizani.*

*Mkulima wa pili: anakohoa.*

*Msichana: Hodi.*

*Mpiga chapa: Karibu.*