Mguu Uliooshwa Mno

Kwanza niseme wazi: mguu wangu ulikuwa msafi. Watu wakisikia habari za kidonda kisichopona, hukunja pua na kudhani mwenye kidonda haogi. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akitukagua nyuma ya masikio kabla hatujavuka kizingiti. Kwa hiyo yote yaliyonipata, tafadhali, msiyaweke kwenye hesabu ya uchafu. Yawekeni kwenye hesabu ya usafi, maana huko ndiko yalikotoka.

Nina ugonjwa wa sukari, mwaka wa kumi na tatu sasa. Sukari ni mgeni mpole. Huingia bila kubisha hodi na hukaa bila kelele, kumbe kule chini anakula hisia za nyayo zako moja moja. Siku moja kifungo cha gauni langu kilipotea. Nilikitafuta nyumba nzima, nikamshuku wifi yangu, nikamnunia.

Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Sote wajane, tunakaa nyumba moja mwaka wa tisa. Macho yake yamechoka, haoni mbali kuliko mkono wake, lakini ulimi Mungu kamwachia mzima kabisa. Jioni ya siku ya pili nikavua kiatu cha kulia, kifungo kikadondoka sakafuni, na soksi imelowa damu penye vidole. Siku mbili nimetembea juu ya kifungo na sikujua! Wifi akakiokota, akakisogeza karibu na pua ili akione, kisha akaipapasa ile soksi.

"Haya," akasema, "mwizi kapatikana. Niombe radhi."

Nikamwomba. Nikadhani yameishia hapo. Kumbe kidonda kilikuwa ndiyo kwanza kinatandika mkeka.

Ndivyo nilivyofika kliniki ya miguu, inayofanyika kila Jumatatu. Daktari wake ni kijana mrefu kama ngazi, na akiushika mguu wa mtu huushika kama yai. Akaniambia hospitali inafanya utafiti. Watu wenye sukari wakipata vidonda, vijidudu huingia, na mara nyingi daktari hutoa dawa kwa kukisia kwa sababu kupanda vijidudu kwenye visahani vya maabara kunachukua siku nyingi. Sasa wameletewa mashine inayodai kuvitambua kwa saa chache, na wanataka kuona kama inasema kweli.

"Kwa hiyo mnataka kunijaribu kama panya," nikamwambia.

"Hapana, Bibi. Tunaijaribu mashine. Wewe tunakutibu."

Jibu hilo likanipendeza. Muuguzi akanisomea karatasi ya ridhaa, nikamrudisha aisome tena, nikauliza nikichoka itakuwaje. Akasema naruhusiwa kuacha siku yoyote na matibabu hayabadiliki. Nikatia sahihi, ile ndefu yenye mkia. Nikawa namba kumi na saba.

Kila Jumatatu ilikuwa hivi. Wanapima upana wa kidonda kwa rula, wanakipiga picha, kisha daktari anagusagusa nyayo zangu kwa uzi mgumu wa nailoni kuona kama nahisi. Mimi sipendi kushindwa mtihani. Nikawa nachungulia kiwiko chake, kikisogea tu, nasema, "Nahisi!" Akanishtukia, akaniambia nifumbe macho.

"Nahisi!" nikasema.

"Bibi, bado sijagusa."

Muuguzi alicheka mpaka akatoka nje.

Mwisho wanachukua vijiti viwili vyenye pamba kichwani, wanavizungusha kwenye kidonda na kuvipeleka maabara. Kimoja cha visahani, kimoja cha mashine. Juma la kwanza majibu yakarudi: hakuna kijidudu. La pili, hakuna. La tatu, hakuna. Nikatembea kifua mbele. Nikamwambia wifi, "Umeona? Hata mashine ya ng'ambo imekiri kwamba mimi ni msafi."

Sasa niwaambie siri iliyokuwa nyumbani. Kila Jumatatu kabla hatujatoka, wifi alikuwa akinichemshia maji. Ndani yake tunamimina ile dawa kali ya kuulia vijidudu, inayogeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Si kifuniko kimoja, la, tunamimina mpaka macho yanatuwasha. Nalowesha mguu, nasugua kwa burashi, wifi anasuuza, halafu tunarudia. Kidonda kinapigwa picha, jamani! Picha itakaa kwenye kompyuta ya wasomi miaka na miaka. Mnataka wajukuu wa yule daktari waione na kusema bibi huyu alikuwa mchafu?

"Sugua na katikati ya vidole," wifi alikuwa akiniambia. "Usiende kututia aibu ukoo mzima."

Karatasi ya kliniki ilisema nije na daftari la sukari na viatu vilivyofunika vidole. Habari za kuosha hazikuandikwa popote. Na mtu mzima huambiwa asioge?

Juma la nne mguu ukavimba. Wekundu ukapanda kutoka kidoleni ukavuka kisigino, na kulikuwa na harufu ambayo dawa yetu yote haikuifunika. Daktari alikuwa amebadilisha vidonge mara mbili, kwa kukisia, kwa kuwa maabara haikumwambia anapigana na nani. Jumatatu hiyo alitazama mguu, akavuta kiti, akakaa. Daktari akikaa kabla ya kusema, jua maneno yana uzito.

"Bibi, wekundu unapanda haraka. Leo nakulaza. Kama mpaka Alhamisi hatujapata dawa inayousimamisha, itabidi tukate mguu chini ya goti, ili tuokoe maisha yako."

Nikamwambia basi wanipunguzie nauli, maana nitakuwa abiria nusu. Hakucheka. Nikamgeukia wifi nikisubiri aniongezee. Wifi alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoogopa.

Maana sisi wawili tulikuwa tumekwisha piga hesabu zetu zamani, bila kusema. Yeye haoni barabara. Mimi ndiye ninayemshika mkono tukivuka. Mimi ndiye ninayemsomea maandishi ya chupa za dawa na kumwambia mchele una mawe. Nyumba yetu ina ngazi kumi na moja za saruji mpaka mlangoni. Mguu ukiondoka, mwanangu atanichukua kwake, na wifi atachukuliwa na binti yake, mji mwingine. Watatupenda, sikatai. Lakini watatutenganisha. Na katika umri huu mtu akitengana na anayemtania, anaanza kufa kuanzia kwenye ulimi.

Mchana huo, wodini, akaingia mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya zambarau mifukoni. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Namba kumi na saba yuko wapi?"

"Namba kumi na saba ni mimi," nikasema. "Jina la nyumbani ni Bibi. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni wa maabara. Kwa kawaida sisi hatuji huku, tunaletewa vijiti tu. Lakini vijiti vyako vimeninyima raha." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Wiki nne, hakuna kitu. Si vijidudu vya ugonjwa tu; hata wale bakteria wa kawaida wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, wewe huna. Mimi ninao. Daktari anao. Mtoto mchanga anao. Nikasema mashine imeharibika. Nikaipima kwa vijiti vya wagonjwa wengine, nzima! Nikasema basi, ngoja nikamwone huyu malaika."

Wifi akasema, "Malaika? Huyu? Uliza majirani."

Dada wa maabara alikuwa ameshainama kwenye mguu wangu, ananusa. Akanusa tena. Akainua uso polepole.

"Bibi, leo asubuhi umeuosha mguu huu na nini?"

"Maji."

"Maji na nini?"

Nikatazama dari. Dari ya wodi ile ina mabaka ya unyevu. Moja lina sura ya bata.

"Na dawa kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Muulize wifi yangu, yeye ndiye mpishi."

"Usinisingizie!" wifi akaruka. "Nusu chupa, mwanangu, na aliniambia niongeze! Na burashi anayo yeye!"

"Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu," tukajibu pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

Nilingoja nigombezwe. Dada yule alifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Nadhani vyote viwili.

"Bibi zangu," akasema, "mimi natafuta nyayo za mwizi, na ninyi kila nikikaribia mnafagia uwanja. Mnaua vile vya juu, ambavyo kijiti kinavigusa. Vya chini vimekaa kwenye nyama, vinakula, vinawacheka."

Mungu anisamehe, niliona aibu kuliko siku niliyoolewa nikavunja sahani zote za harusi. Mwezi mzima nimewahangaisha watu wasomi kutafuta kitu, na mimi mwenyewe ndiye ninayekificha.

"Basi wa kukatwa si mguu," nikamwambia, "ni kichwa."

"Kichwa tunakihitaji, Bibi. Ndicho kitakachowaambia wenzako."

Akamwita daktari. Daktari alisikiliza, akatazama dari naye, sijui kama alimwona bata. Kisha akatoa kalamu akachora mstari kuzunguka mguu wangu, pale pale wekundu ulipofikia. Akaagiza kidonda kisiguswe na chochote isipokuwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, mpaka kesho asubuhi. Wifi akapigwa marufuku kukaribia mguu kwa hatua mbili.

Asubuhi daktari aliondoa nyama iliyokufa juu ya kidonda, na kutoka chini kabisa akachukua kipande kidogo kama punje ya mchele. Sikuhisi kitu, na safari hii sikudanganya. Dada wa maabara alikuwa amesimama hapo hapo na kichupa chake. Alikipokea akatoka mbio, koti linapepea.

Tulingoja. Wifi alishika mkono wangu, akasema ni kwa sababu kiti chake hakina pa kuegemea.

Saa tisa alasiri dada alirudi. Hakutuma karatasi, alikuja mwenyewe, anahema. Vijidudu viwili! Kimoja kilikuwa sugu: vidonge vyote nilivyokuwa nikimeza kwacho vilikuwa peremende. Lakini mashine ilionyesha pia dawa ambayo hakijaizoea. Kabla ya saa kumi dripu ilikuwa inadondoka mkononi mwangu.

Jumatano wekundu ulikuwa umesimama pale pale kwenye mstari wa kalamu. Alhamisi asubuhi daktari alikuja na taa yake ndogo, akainama, akaita muuguzi naye atazame. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma upana wa vidole viwili. Walinipeleka chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo, wakatoa kidole kimoja tu ambacho mfupa wake ulikuwa umeoza. Nilipozinduka nikamwuliza wifi, "Hesabu."

Akapapasa juu ya blanketi, taratibu, mguu mmoja, na mwingine. Akapapasa tena kutoka mwanzo.

"Yote miwili," akasema. Kisha akajikohoza. "Tisa vimebaki. Utakata kucha haraka."

Majuma yaliyofuata watafiti waliwauliza washiriki wengine maswali ambayo hawakuwahi kuwauliza. Katika watu thelathini, tisa walikiri kwamba hujiosha kwa dawa kabla ya kliniki. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa akitumia mafuta ya taa! Karatasi ikaongezwa mstari kwa herufi nene: usioshe kidonda kwa dawa yoyote kabla ya kupimwa, njoo kama ulivyo. Wakanifanya niwe nawaeleza wapya kwenye benchi. Naanza kwa kuwaambia kwamba hapa ndipo mahali pekee duniani utakapopongezwa kwa kuja bila kunawa.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga. Siku aliyoniruhusu daktari kukanyaga sawasawa, nikiwa na kiatu maalumu chenye soli nene, sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilimwacha wifi kwenye benchi, nikafuata korido mpaka maabara. Mlango uliandikwa hairuhusiwi kuingia, kwa hiyo nikasimama kizingitini, nusu ya soli ndani.

Dada alikuwa peke yake mbele ya meza ndefu, amesimama, anahamisha vijiti kutoka rafu hii kwenda ile. Nilipobisha alishtuka.

"Bibi! Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimekuja kuwaona hao waliotaka mguu wangu."

Akacheka. Akafungua jokofu, akaleta kisahani chenye mfuniko mpaka pale mlangoni. Ndani kulikuwa na madoa ya kijani, yanang'aa, mazuri hata. Tulivyo wanadamu, nilitaka kuyasalimia. Nikasema tu, "Kumbe ni ninyi."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani njiani, marefu, yenye heshima zake. Nilipomtazama usoni yakanipotea yote. Niliona macho yake mekundu, na viatu alivyovivua na kuvisukuma chini ya meza, na miguu yake imevimba kwa kusimama tangu asubuhi. Nyuma yake kulikuwa na kigoda cha chuma. Nikaisahau ile amri ya mlangoni. Niliingia, kwa miguu yangu yote miwili, nikakivuta kigoda mpaka nyuma ya magoti yake.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Kaa kidogo. Leo nitasimama mimi."