Jamhuri ya Dirishani

Kwa heshima na taadhima, naomba ieleweke kwamba siku ile nilikuwa nakata kiuno juu ya dawati, katikati ya kipindi cha hesabu, na mwalimu hakuniona.

Mwalimu mwenyewe tulimwita Rada. Kwa miaka mitatu alikuwa akiandika ubaoni, mgongo ametugeuzia, na bado akimtaja kwa jina anayetafuna. Muhula huu tukagundua kwamba upande wake wa kushoto, kule dirishani, umelala. Tukautangazia uhuru. Ukawa Jamhuri, nami Rais wake.

"Panda, Mheshimiwa," Kisigino, jirani yangu wa dawati, alinong'ona. "Rada imeisha betri."

Nikapanda. Rada alikuwa ametuelekea, anaeleza pembetatu. Darasa zima likameza kicheko. Kisha akaelekea mlangoni, bega la kushoto likagonga mwimo, pu!

"Nani kausogeza mlango huu?" aliuliza, akijisugua.

Wenzangu waliangua kicheko. Mimi kiuno kiliganda.

Babu yangu, fundi seremala, aliwahi kuuliza swali hilo hilo, tena kuhusu mlango aliouchonga mwenyewe. Hakuumwa popote. Macho hayakuwa mekundu. Msumari aliulenga bila kukosea, ila vya pembeni alivigonga, nasi tukamtania kwamba nyumba inamkimbia. Tulipompeleka hospitali tulikuwa tumechelewa. Presha ya macho, daktari alisema: mwizi asiyebisha hodi, huanzia pembeni, na alichoiba hakirudishi. Siku hizi babu hunitambua kwa nyayo.

Lakini nimwambie Rada nimejuaje? Siku mbili nilijaribu kuumeza ukweli ule, ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya tatu nikaingia ofisini kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja. Tazama ubao wa matangazo pale mbele, mwalimu, usigeuke." Nikasimama kushoto kwake, mkono nimeunyoosha. "Nimeonyesha vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

 Alipogeuka aliukuta mkono wangu, vidole bado vimenyooka.

"Umejuaje wewe?"

"Nimecheza dansi upande huo, mwalimu. Mara nne. Juu ya dawati."

Kesho yake alikwenda hospitali. Siku alizokosekana sikumfanyia mtu utani wowote, hata matroni wa bweni akanipima homa.

Alirudi na kichupa kidogo cha dawa, akaniita.

"Jicho la kushoto limeshapoteza sehemu, haitarudi. La kulia bado zima. Nitatia tone kila jioni, maisha yangu yote." Akakitia kichupa mfukoni. "Daktari anasema nimewahi."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu enzi za babu.

"Utaosha vyoo vya bweni wiki mbili."

"Asante, mwalimu."

"Na dawati lako litahamia mbele ya darasa, kushoto kwangu. Asante nawe, mwanangu."

Jumatatu nilikuwa nimeketi pale, mikono juu ya dawati, mpole kama shemasi. Rada alikuwa akitueleza pembe kali. Kule Jamhuri, Kisigino akapanda juu ya dawati, akanyonga kiuno, akanikonyeza mimi, Rais wake.

Nikamtazama kwa muda.

Kisha nikakohoa.

Rada akaigeuza shingo yote, polepole, mpaka dirishani.