Umemwita Mara Ngapi

…na aliyeisimulia kwanza ni shangazi, jioni ile walipohamia nyumba ya vyumba viwili, mwaka ambao binti alianza sekondari, masanduku hayajafunguliwa, wote wamekaa juu ya magodoro yaliyokunjwa, shangazi akasema ngojeni niwaambie baba yenu ni mtu wa namna gani, na tangu jioni hiyo hadithi imekuwa mali ya binti, mtunza kumbukumbu za ukoo mzima, ameiandika kwenye daftari la jalada gumu, tarehe na kila kitu, ameisimulia harusini, ameisimulia msibani, hajawahi kuitia chumvi, lakini kwa nini imjie sasa hivi, mchana kweupe, vidole vyake vikiwa juu ya kijalada cheusi cha bili, chakula kimeshaliwa, baba amekaa mbele yake na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na kaka yake yuko kulia, ameinamisha shingo kuitazama bili ambayo bado imefunikwa, utadhani macho yake yanatoboa ngozi… "Tipu si lazima," kaka anasema kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya kazini, maana ni msaidizi wa meneja kwenye bohari la vifaa vya ujenzi na nyumbani wote wanamwita Meneja, na yeye anaitika, "angalia kwanza kama huduma hawajaiingiza humo humo, hawa watu wana ujanja," binti hakifungui kijalada, kwa sababu anajua haijaingizwa, ameshachungulia, na kwa sababu mkoba wake uko mapajani na ndani ya mfuko wenye zipu kuna bahasha, na ndani ya bahasha kuna noti zilizonyooka, zinazokaribia bei ya chakula chote hiki, noti ambazo zimekaa humo tangu wiki ile barua ilipofika, kwamba baada ya miaka kumi na tisa ya kupanga majalada, kuyatafuta majalada, kuyafuta vumbi majalada ya watu wengine, ameteuliwa kuwa mkuu wa masjala, na jambo la kwanza alilowaza halikuwa kiti kipya wala ofisi yenye mlango, alimwaza baba, baba ambaye kwa miaka thelathini na minne aliwabebea watu chakula na hakuwahi hata siku moja kuketi kwenye kiti cha mgahawa akaletewa, akajiapiza, nitamkalisha, ataletewa, na tukimaliza nitamwachia mhudumu bakshishi ambayo hajawahi kuiona, mpaka mwenye mgahawa atoke jikoni kuuliza ni nani hawa, na baba aone kwa macho yake kwamba mwanawe si wa kuacha sarafu na kuondoka akiangalia pembeni… "Kwani kazi yake si ndiyo hiyo?" Meneja haachi, "mimi nikikutafutia bomba la nusu inchi bohari zima, nani ananiachia hata ya soda?" na baba anakusanya makombo ya mkate kwa ukingo wa kiganja cha kushoto, anayapeleka kwenye sahani, sahani ambazo ameshazipanga moja juu ya nyingine, kubwa chini, ndogo juu, visu vimelazwa chini ya uma ili visiteleze, hakuna aliyemwona akizipanga, zimejipanga tu, mkono wa kushoto umefanya kazi, kwa sababu wa kulia umefichwa chini ya meza, unatetemeka, umekuwa ukitetemeka tangu mwaka juzi, na hilo hasemi, wala haruhusu lisemwe.

Na mhudumu hakulisema. Hilo ndilo linalomrudia, mhudumu hakulisema, mwanamke wa kama miaka thelathini hivi, nywele zimebanwa nyuma, kalamu sikioni, alileta chai ya kwanza imejaa mpaka ukingoni kama ya kila mtu, baba akatoa mkono, kikombe kikalia kwenye kisosi, ti ti ti ti, mkono ukarudi chini ya meza haraka kama mwizi, na yule mwanamke akaendelea kuweka sukari kana kwamba hana masikio, akaondoka, kisha chai ya pili ikaja nusu kikombe, mshikio umegeuziwa kushoto, birika dogo limewekwa kando upande huo huo wa kushoto, bila pole mzee, bila nikusaidie mzee, na baba akautazama ule mshikio, akamtazama binti yake, akainua nyusi kidogo sana, na katika nyumba yao hizo nyusi ni cheti, kuna watu wameishi na baba miaka mingi hawajawahi kuzipata… kwa sababu walilelewa hivyo, mgeni akifika nyumbani baba aliwasimamisha wote wawili mlangoni pa jiko, yeye na kaka, akiwanong'oneza, tazameni glasi yake, imebaki kidole kimoja, nenda, usingoje akuombe, akikuomba umeshachelewa, na mgeni akiondoka baba aliuliza swali moja tu, amewaita mara ngapi, wakisema mara mbili alitingisha kichwa, wakisema hajatuita alikwenda kulala akipiga mluzi, na kipimo chake cha bakshishi ni hicho hicho, hakuangalia bei ya nyama, sehemu moja katika kumi kwa aliyefanya kazi yake, mbili katika kumi kwa yule ambaye hukulazimika kumwita hata mara moja, basi, na wenzake kazini, waliomwita Sinia kwa sababu alibeba sinia la sahani tisa kwa mkono mmoja na kufungua mlango kwa kisigino, walimcheka, Sinia bwana, hata bakshishi ameitungia sheria…

"Umemwita mara ngapi?" baba anauliza, ghafla, sasa hivi, hapa mezani, hajainua macho kutoka kwenye makombo. "Sijamwita, baba," binti anajibu. "Hata mara moja?" "Hata mara moja." "Mm," baba anasema, na hiyo mm ina uzito wake, lakini Meneja anacheka, "Haya, mahakama imekaa," halafu anamwinamia dada yake, "nimekuona na bahasha, usifikiri sijakuona, ukimpa zote hizo kesho atakufuata mpaka nyumbani na begi lake," na yeye anabana mkoba kwa magoti, uso unamchoma, hajui kwa nini unamchoma, ni pesa zake, amezitolea jasho, na hadithi ya shangazi inarudi tena, inasukuma kama mtu anayetaka kuingia… shangazi alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa ule ule wa baba, dirisha la jikoni lilitazama ngazi za mbele, kwa hiyo aliona mwenyewe, hakuhadithiwa, mkandarasi mmoja na wenzake sita, wamekaa kutwa nzima, na kila baada ya muda mfupi anapiga vidole, paa, lete hiki, paa, ondoa hiki, baba hakimbii wala hanuni, na walipoinuka mkandarasi akachomoa noti moja iliyozidi mshahara wa wiki mbili, akaitupa kwenye sahani yenye mafuta, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni, haya, kanunue viatu, na wale sita wakacheka huku wakiitazama miguu ya baba, viatu vya zamani lakini vilivyopigwa brashi kila asubuhi mpaka ungeweza kujitazama, na baba akasema ahsante, bwana, akaipangusa noti, akaiweka katikati ya sinia juu ya kitambaa safi kilichokunjwa pembe nne, akaliinua sinia mpaka begani kama lina supu ya watu wanane, akashuka nalo ngazi zote kumi na moja, akainama kidogo penye dirisha la gari, "Bwana, umesahau pesa yako"… hapo shangazi alikuwa ananyamaza, kusudi, ili watu wapumue, kisha anamalizia, na yule mtu akaichukua, gari likaondoka, na kaka yangu, baba yenu, akarudi juu na sinia tupu amelishika vile vile, begani.

Na kila iliposimuliwa Meneja alikuwa na yake ya kuongeza, hata msibani kwa shangazi aliiongeza, "Ndiyo, na mwezi ule ule viatu vyangu vya shule vilikuwa na tundu, mvua ikinyesha mimi ndiye nilikuwa najua kabla yenu wote," watu wakacheka, naye akacheka, lakini ukimtazama vizuri macho hayacheki, mwezi ule alikuwa na miaka kumi, noti ile ingetosha jozi tatu, na leo mtu huyo huyo hanunui kiatu bila kukikunja soli na kukipiga ukutani, labda ndiyo maana bili inamuumiza hata asipoilipa yeye, labda, na yeye dada mtu hajawahi kuliandika hilo la tundu kwenye daftari, aliona linaichafua hadithi… "Mhudumu! Wewe, mhudumu!" sauti inatoka meza ya dirishani, mwanamume ameinua kidole, na baba amesimama. Amesimama kabla ya mtu yeyote kufumba jicho, kiti hakikulia, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto umeshapanda mpaka usawa wa bega, kiganja juu, wazi, kinangoja sinia ambalo halipo, mguu mmoja uko mbele, miaka sita amestaafu na mwili haujapewa taarifa… "Baba!" Meneja anamshika shati, "kaa chini, baba, watu wanaangalia," na kweli wanaangalia, na kile kiganja kiko hewani, wazi, na yeye anataka ardhi ipasuke na pia hataki, kwa sababu hajawahi kumwona baba yake amesimama hivyo, alimwona tu akirudi nyumbani amechoka, huyu hapa ndiye aliyeshuka ngazi kumi na moja, bega lenyewe ndilo hili, halafu mhudumu anapita, jagi la maji mkononi, hapunguzi mwendo sana, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaa, mzee wangu, hiyo meza ni yangu leo, ukininyang'anya nitakula wapi?" na baba anashusha mkono, anacheka, kicheko cha kifuani ambacho hawajakisikia tangu mama afariki, "Samahani, mwenzangu," anasema, na yule mwanamke anageuka nusu, "Nilijua tangu nilipoziona sahani. Miaka mingapi?" "Thelathini na minne." "Basi wewe ni mwalimu," na huyo amekwenda dirishani, anamwinamia yule mwenye kidole, hakuna lililotokea, watu wamerudi kwenye vyakula vyao, na baba ameketi, na mkono wa kulia, wa kutetemeka, uko juu ya meza, umelala peupe, hajaurudisha chini.

Mwenzangu… amemwita mwenzangu… na hilo utalilipaje, bahasha nzima haitoshi, ongeza na ya kwake Meneja, haitoshi, na hapo ndipo kitu kinafunguka, kitu ambacho hakimo kwenye daftari, jioni ile ile ya kuhama, shangazi alipokuwa amemaliza na wote wameduwaa, baba alikuwa juu ya stuli anafunga balbu, mgongo amewapa, akasema bila kugeuka, pesa ile hakunipa mimi, aliwapa wale aliokaa nao, mimi nilikuwa sahani tu, kisha balbu ikawaka, watoto wakashangilia, na yeye hakuliandika kwa sababu shangazi alikuwa ameshamaliza na hadithi ilionekana imetimia… aliwapa wale aliokaa nao… na bahasha hii, mkuu wa masjala, umeiandaa kwa ajili ya nani, wiki mbili imekaa mkobani na wewe hukumjua hata huyu mwanamke ana sura gani, ulitaka mwenye mgahawa atoke jikoni, ulitaka baba aone, meza ione, Meneja anyamaze, kumbe ulikuwa unashuka ngazi zile zile kuelekea kwenye gari, wewe ndiye uliyeketi ndani ya gari, na uso unamchoma tena lakini safari hii anajua kwa nini, na haumchomi kwa muda mrefu, kwa sababu chini yake kuna kitu kingine kinapanda taratibu, kinamnyoosha mgongo kama kilivyomnyoosha mzee, yeye ni binti wa Sinia, kipimo anacho, amezaliwa nacho ndani ya nyumba, mbili katika kumi, kamili, si kwa huruma, si kwa kuonekana, kwa sababu hakuitwa hata mara moja, noti mbili kutoka kwenye bahasha na nyingine zirudi nyumbani, zile mbili zitawekwa chini ya kisosi cha baba, upande wa kushoto, ule ule wa mshikio, na wataondoka kabla mhudumu hajaja kuondoa vyombo, maana baba hakuwahi kugusa bakshishi kabla mgongo wa mteja haujatoka mlangoni, na zile zitakazobaki, hilo pia amelijua sasa hivi, kesho atamwambia Meneja twende tukanunue viatu, yeye ajichagulie, akunje soli, apige ukutani anavyotaka, na usiku ataliandika tundu la kiatu kwenye daftari, na maneno ya balbu, na tarehe ya leo… "Sasa unaacha ngapi?" Meneja ananong'ona, na baba anasema, "Mwache, anajua," mkono wake wa kulia unatetemeka juu ya kitambaa cheupe, vijiko viwili vinaitikia kidogo, na vidole vya binti bado viko juu ya kijalada cheusi, hajakifungua, anahesabu, si pesa, anahesabu watu wa ile hadithi, shangazi hayupo, mwaka wa sita sasa, mama hayupo, mkandarasi hakuna ajuaye, mwenye viatu vyenye tundu yupo, ameshiba, anatafuta kijiti cha meno, na aliyebeba sinia yu hai, ameketi kwenye kiti chenye mgongo, ananyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto.