Watu Watatu Kisimani

Kompyuta ililazwa ubavu juu ya meza ya kukatia vitambaa, tumbo wazi, nyaya zikining'inia. Vumbi la nyuzi lilikuwa limejazana kwenye feni hata likafanya kitu kama kiota cha ndege. Fundi, mtu mzima mwenye upara na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alilifagia kwa brashi, akapiga chafya, akaomba radhi.

Mwenye nyumba alimwambia asijali, maana vumbi hilo ndilo limlishalo. Alikuwa mshona mapazia. Wateja walimwita Mama Mapazia, lakini wadogo zake wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, walimwita Mkubwa tangu utotoni, na jina hilo lilikuwa limemkaa mwilini kama nguo ya kupimiwa.

Shida yake alikuwa ameieleza kwa simu, ila fundi alitaka kuisikia tena. Mkubwa alisema anataka mchezo mmoja ufunguke mara tatu kwa pamoja, madirisha matatu, kila moja na mhusika wake. Mawili yalikwenda kwa kujikokota; akifungua la tatu, picha inaganda, feni inanguruma, kisha giza. Fundi aliuliza nyumba ina watoto wangapi wanaocheza. Akajibiwa kwamba watoto hakuna, anayecheza ni yeye, kwa niaba ya wote watatu.

Fundi hakucheka. Alichomoa kipande chembamba cha kijani, akakigeuza kwenye mwanga wa dirishani.

"Kumbukumbu yake ndogo, mama. Inashika mambo mawili, la tatu inaliangusha."

"Hapo unaisema kompyuta au unanisema mimi?"

Fundi alitabasamu, akaendelea na bisibisi yake. Aliweka kumbukumbu kubwa zaidi, akaing'oa diski ya zamani na kutia mpya yenye kasi, kisha akaupakia mchezo upya tangu mwanzo. Mkubwa akarudi kwenye cherehani, lakini mshono ulikuwa ukimwendea kombo.

Mchezo huo aliuleta mdogo wake wa kiume, muuguzi, mwaka ule yeye na kitinda mimba walipohamia nchi mbili tofauti. Haukuwa mchezo wa bunduki. Ulikuwa na msitu, bustani, nyumba unayoijenga mwenyewe, na kisima ambacho gurudumu lake halizunguki mpaka walishike watu watatu kwa mpigo. Maji yasipotoka, bustani hukauka, na msitu huanza kuimeza nyumba. Basi kila Jumamosi alasiri ndugu hao walikutana kisimani. Muuguzi alichelewa kila mara. Kitinda mimba alipotea njia, akataniwa, akajitetea kwa maneno mengi. Walivuta maji huku wakipeana habari za kazi, za magoti ya mama yao, za majirani waliooa na walioachana. Mkubwa, aliyeanza kwa kuguna, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia.

Kisha mama yao akafariki. Baada ya mazishi kitinda mimba alirudi ughaibuni kwa muda mfupi kuomba likizo ndefu, akisema akija tena watakaa wapange vitu vya marehemu taratibu. Mkubwa hakusubiri. Alikifungua chumba cha mama yao asubuhi, na kufikia jioni nguo zilikwishagawiwa, kitanda kimetolewa, sakafu imedekiwa. Alitaka kumwepushia mdogo wake uchungu wa kushika zile khanga. Kitinda mimba alifika na sanduku tupu. Alisimama mlangoni pa chumba kilichonukia sabuni, akakitazama kona kwa kona. Hakupandisha sauti.

"Mkubwa, wewe hutusaidii," alisema. "Wewe unaishi maisha yetu kwa niaba yetu."

Alipoondoka aliingia mchezoni mara moja tu, akaacha nenosiri lake na maneno machache: nyumba isianguke kwa sababu yake, lakini yeye basi. Tangu hapo simu hazikupokewa. Baadaye muuguzi naye akabadilishiwa zamu, Jumamosi zake zikaisha. Yeye alitoa nenosiri kwa kicheko, akimsihi dada yake asimchoshe sana mhusika wake, kwani ni mvivu kama mwenyewe. Hivyo ndivyo Mkubwa alivyobaki na watu watatu mkononi na kompyuta iliyobeba wawili.

Fundi alipoondoka, madirisha matatu yalisimama kwenye skrini bila kutetemeka. Mkubwa aliwapeleka wahusika kisimani mmoja baada ya mwingine, akawashikisha gurudumu. Likazunguka kama lililotiwa mafuta. Maji yakatoka, bustani ikanywa, na kazi iliyokuwa ikiwachukua alasiri nzima ikaisha hata chai haijapoa. Hakuna aliyechelewa. Hakuna aliyeomba asubiriwe akaepue sufuria jikoni.

Aliwatazama wakiwa wamesimama mstari mmoja, wanapumua kwa pamoja jinsi mchezo ulivyowatengeneza. Bila kufikiri alibofya dirisha la kitinda mimba, akaandika: "Asante, Mkubwa." Maneno yakapanda juu ya kichwa cha mhusika, yakakaa pale. Aliyasoma. Alijihisi kama mtu aliyefumaniwa akijibembeleza mbele ya kioo. Alitafuta namna ya kuyafuta, lakini mchezo haukuruhusu. Akazima, akashona mpaka giza likaingia, na wiki hiyo hakuigusa tena kompyuta.

Jumamosi iliyofuata aliingia kwa sababu bustani haina makosa. Alikuwa amewafikisha wawili kisimani na anamleta wa tatu, dirisha la kitinda mimba lilipofungika lenyewe. Akampigia fundi, akamwambia kile kifaa kipya kimekwisha kufa. Fundi akamwomba asome kilichoandikwa kwenye skrini.

"Akaunti hii imefunguliwa kwenye kifaa kingine," Mkubwa alisoma.

Fundi akaeleza kwamba alipobadilisha diski, mchezo ulidhani umeingia kwenye mashine ya kigeni. Bila shaka ulimpelekea mwenye akaunti ujumbe, kumuuliza kama ni yeye.

"Mashine yako nzima, mama. Ni mwenyewe ameingia. Usiifungue tena akaunti hiyo upande wako. Ukiifungua, unamtoa yeye."

Mkubwa alikata simu. Kitufe cha kuingia kilikuwa bado kinang'aa mbele yake, na nenosiri alilijua kwa vidole. Ingekuwa rahisi kumfikisha kisimani. Zilibaki hatua chache tu. Akalifunga lile dirisha, akabaki na mawili.

Mhusika wa mdogo wake alikuwa amesimama njiani, hatikisiki. Kisha akageuka. Hakuja kisimani, alielekea nyumbani, akagonga uzio, akarudi nyuma, akaupata mlango. Taa za vyumba ziliwaka moja moja. Mkubwa alikaa wima kama mtu anayesikiliza nyayo ghorofani. Baadaye sana maneno yakatokea.

"Hii kofia nani kanivisha?"

Mkubwa akaanza kuandika. Aliandika kwamba mvua za mchezo zilikuwa zimeanza na wasio na kofia huugua, kwamba rangi nyingine hazikuwepo, kwamba hata kile chumba aliking'arisha kwa nia njema, kwamba khanga moja aliibakiza, na kwamba simu ingepokewa angeyasema yote hayo. Yakawa mistari mingi. Aliyasoma kutoka juu. Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililoulizwa. Akayafuta yote mpaka nafasi ikabaki nyeupe.

"Ni mimi," aliandika. "Ivue kama huipendi."

Mvua ilikuwa ikinyesha bustanini. Mhusika alitoka barazani, akasimama chini ya ukingo wa paa, kofia yake kubwa ya njano ikiwa imemfunika mpaka machoni.

"Bado nafikiria," kitinda mimba akajibu.

Mkubwa alitoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani.