Kitanda cha Godfrey

Bibi Anastasia msimlaumu upesi. Kijiji kizima cha Kinole, kule mlimani, kilijua kuwa nyumbani kwake palikuwa na kitanda kimoja tu, cha mbao, kirefu cha miguu, kilicholetwa kutoka Morogoro mjini juu ya gari la mananasi. Aliyelala juu yake ni mjukuu wake, Godfrey, mtoto wa miaka minne. Bibi mwenyewe alitandika mkeka chini, na wala halikumkera. Alijisifia hilo kwa kila jirani aliyepita.

Nyumba alijengewa na binti yake Happiness, mama yake Godfrey. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mabati na saruji, ambavyo zamani uliviomba kwa kibali na kuvipangia foleni, vilikuwa vimejaa madukani, na Happiness, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni mjini, aliapa kwamba mama yake halali tena chini ya nyasi zinazovuja. Akaleta bati, akaleta fundi, akamwambia azibe kote juu, pale ukuta unapokutana na bati, pasibaki hata tundu la panya. Baridi ya mlimani ikome! Na kweli, nyumba ilipendeza jamani. Watu waliacha njia ya kanisani kuja kuitazama.

Mafiga yalibaki kona ya ndani, kama yalivyokuwa katika nyumba ya nyasi. Yangekaa wapi kwingine? Mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya moto ili fukusi wasiyaguse, na Anastasia hakuwahi hata msimu mmoja kwenda kwa mtu kuomba mbegu.

Basi mtoto akaanza kukohoa. Mwanzoni kidogo, kisha kifua kikawa kinakoroma mchana kweupe. Kule zahanati muuguzi mmoja, Mwanaasha, alimsikiliza kifua, akasema, "Bibi, huu ni moshi. Toa jiko ndani."

"Moshi!" Anastasia akamaka. "Nimelea watoto saba katika moshi, binti yangu. Na mimi nalala humo humo. Umenisikia nikikohoa?"

Mwanaasha hakubishana naye. Alimtumia Happiness salamu mjini kwa dereva wa gari la ndizi, na jibu likarudi: Jumamosi Happiness anakuja kumchukua mwanawe.

Godfrey alikuwa mikononi mwake tangu alipoacha kunyonya. Huko mjini Happiness alipanga chumba kimoja na alfajiri alikuwa tayari sokoni. Nani angempikia mtoto uji? Nani angemsimulia hadithi mpaka asinzie? Alilia wiki nzima, na kila aliyemwambia habari ya moshi alimjibu vibaya.

Jumamosi ikaamka na mvua. Anastasia akafunga mlango, akakoka moto, akabandika uji. Uji haujachemka, Godfrey akashikwa na kikohozi huko kitandani, akakohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Bibi, ambaye siku zote hizo hakuwahi kukipanda kitanda kile, akapanda, akalala ubavuni kwake na kumkumbatia.

Macho yakamwasha. Koo likambana. Akavuta pumzi moja tu, akakohoa kama mtoto.

Akashuka, akaketi mkekani. Huku chini palikuwa na nafuu. Akapanda tena: moshi mtupu. Akatazama juu, akauona umegonga bati, umekosa pa kutokea, umeshuka na kutulia pale pale alipolala mjukuu wake. Nyasi zilikuwa zikiuachia moshi utoke. Bati haliuachii.

"Mungu wangu," akasema, "mimi ndiye niliyempandisha huku."

Alimshusha mtoto mkekani, akafungua mlango wazi, akamwagia moto maji, uji na ubaki mbichi. Kisha akachukua mchi, akasimama juu ya kitanda kile, akaanza kugonga saruji ya juu.

Happiness aliingia amelowa chapachapa, mkononi ana begi la kutilia nguo za mtoto.

"Shikamoo ma... Mama! Unabomoa nyumba?"

"Nabomoa." Anastasia hakugeuka. Aliona haya kutazamwa na binti yake. "Panda hapa nilipo. Vuta pumzi."

Happiness akapanda. Mlango ulikuwa wazi na moto umezimwa, na bado alikohoa mpaka akashika ukuta. Akamtazama mwanawe kule chini, akautazama ukuta uliozibwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia fundi azibe," akasema polepole.

"Na mimi nikamlaza juu. Nilimpa mahali pazuri kuliko pangu, Happiness. Kumbe namuua."

Wakalia wote wawili, wamesimama juu ya kitanda. Kisha Happiness akampokea mama yake mchi.

Walitoboa pande zote mbili, upepo wa mlima ukaingia huku ukatokea kule. Mvua ilipokatika, Anastasia akayabeba mafiga kwa mikono yake mwenyewe hadi kwenye kibanda cha kuni nje, akaning'iniza na mbegu zake huko huko. Aliporudi ndani alimkuta Happiness amelikunja begi tupu na kulifanya mto chini ya kichwa cha Godfrey, pale mkekani.

"Namwacha wiki moja," Happiness akasema. "Jumamosi nakuja kumsikiliza kifua. Nikikuta bado kinakoroma, mama, nitamchukua."

"Kikikoroma," Anastasia akajibu, "usipande mlima. Nitakuletea mwenyewe."